Nyumba ya Bi Somoe ya Magurudumu Manne

Wadogo zangu wa gereji, nimeacha kazi kwa sababu vidole vimegoma, si kwa sababu mlinichosha, ingawa mlinichosha. Siku ya kuniaga mlinipa kitenge na keki, mkanibana niyaandike yale niliyokuwa nawasimulia wakati wa mihogo ya saa nne. Haya, naandika. Mshahara sitautaja, maana hata ulipokuwepo haukuonekana. Vyeo navyo havikuwepo. Pale Magomeni yetu ya kusini kulikuwa na bosi mmoja, na sisi wengine wote tulikuwa mafundi, pamoja na mbuzi wa jirani aliyekuja kila asubuhi kukagua sponji zangu kwa meno.

Nilianza maisha kwa kushona nguo. Mzee Issa, aliyekuwa akishona maturubai ya malori na viti vya magari, alinikuta barazani nashona suruali ya mtu. Akaivuta kwa mikono miwili mpaka mwenye suruali akapiga kelele, na mshono haukuachia. Hakunisifu. Aliniuliza tu kama naogopa panya. Nikasema siogopi. Akasema, "Basi njoo kesho." Nilidhani mzee ameanza kupoteza mwelekeo.

Kesho yake nililielewa swali. Nilipewa kiti cha dereva cha gari la boksi la dizeli lililokuwa likibeba dagaa wakavu. Zamani viti vile vilijazwa usumba, zile nyuzi za kumbi la nazi, na hakuna nyumba ambayo panya anaipenda kama usumba uliolowa harufu ya dagaa. Nilipochana ngozi ikatoka familia nzima, wazee kwa watoto. Ngonyani, fundi wetu wa injini, akawakamata wawili, akawafunga kwenye gazeti na kunikabidhi kwa heshima. "Shika, dada. Mboga ya kwenu hiyo, usile peke yako."

Hapo lazima nieleze kwa wale waliozaliwa juzi. Ngonyani ni Mngoni wa Songea, na mimi ni Mmakonde, kwa hiyo ni watani. Babu zake waliwapiga babu zangu, au babu zangu waliwapiga babu zake, inategemea nani anasimulia. Zikabaki dhihaka. Mtani akikutukana, unacheka. Mtani akichukua kitu chako, hukimbilii polisi, unamvizia nawe uchukue chake. Basi sikukasirika. Jioni alipofungua boksi lake la spana, mboga ilikuwa inamsubiri humo, hai. Tangu siku hiyo tulipendana sana.

Mzee Issa alinifundisha kwa vitu vichache: sindano iliyopinda ya kushonea magunia, nta ya nyuki ya kupitishia uzi, kisu cha fundi viatu, na sheria moja. Kiti hakijaisha mpaka fundi mwenyewe amekikalia kwenye njia mbovu. Aliitii hata alipozeeka. Alipanda kwenye kila gari aliloshonea, akazungushwa mashimo yote ya mji, akashuka ameshika kiuno na kusema, "Hapa chini ya paja ongeza." Ninyi mnamaliza kiti, mnakipiga picha na kumtumia mteja. Picha haina makalio, wanangu.

Kuhusu wenye magari ya dizeli, ningeweza kuandika mpaka kitenge chenu kichakae. Hakuna mtu anayeficha aibu ya chombo chake kama mwenye gari la boksi. Moshi mweusi umetanda mpaka kuku wanadhani kumekucha vibaya, naye anakwambia, "Hili halili mafuta, linanusa tu." Ukimuuliza ni lini alibadilisha chujio la dizeli, anakuuliza habari za watoto. Halafu siku moja dizeli yenye maji aliyouziwa kwenye dumu inalizima gari katikati ya mchanga, na anampigia Ngonyani akilia kama aliyeachwa na mke. Lakini muulize kama anauza. Atakutazama kana kwamba umemtaka mama yake.

Selemani alikuwa mmoja wao. Gari lake jeupe, refu la mgongo, lilibeba mihogo kutoka Mahurunga na samaki kutoka Mnazi Bay, kwa hiyo hata likiwa tupu ulijua limetoka wapi. Siku moja alikuja, na si kwa habari ya injini. Alikaa kwenye kigoda changu na kuniambia, "Mama Mwajuma, nataka gari hili liwe nyumba." Nikamuuliza kama mkewe amemfukuza. Akasema laiti ingekuwa hivyo, ingekuwa rahisi.

Shida ilikuwa mama yake, Bi Somoe wa Mahurunga. Jicho moja lilikuwa limeshafunga kabisa kwa mtoto wa jicho, na la pili lilikuwa linafuata. Madaktari wa macho walikuwa wamekuja mjini kwa kambi, na wangeondoka baada ya wiki chache. Kupasuliwa kulihitaji alale mjini, arudi kuangaliwa, alale tena. Na Bi Somoe alikuwa amekula yamini kwamba hatalala nyumbani kwa Selemani. Wala hakutaka kulala kwa jirani, wala nyumba ya wageni. Alisema mtu mzima analala kwake.

Chanzo chake kilikuwa samaki. Mara ya mwisho alipokuja mjini, mkwewe Zuhura, aliyeolewa wakati macho ya mama mkwe yameshaingia ukungu, alimchambulia samaki changu miiba yote na kumwekea minofu kwenye sahani. Zuhura aliona ametenda wema. Bi Somoe aliona amefanywa mtoto mchanga mbele ya wajukuu. Aliondoka kesho yake na basi la kwanza, na kila aliyemuuliza alimjibu, "Mie nna meno yangu na ulimi wangu. Mwiba wangu nautema mwenyewe." Zuhura alilia wiki nzima. Wanawake hawa wawili hawakuwa wabaya, na ndiyo maana ugomvi wao ulikuwa mgumu. Wabaya wangeshachoka.

Selemani akampigia simu mama yake na kumwambia atamjengea nyumba. Ikiwa na magurudumu, lakini nyumba. Mama akauliza, "Yangu?" Akajibiwa, yako. "Ufunguo nani anashika?" Wewe, mama. Akatoa masharti: "Iwe na kitanda cha kutosha. Na rangi ya kijani, naipenda. Nikipona nataka kuiona."

Kwa faida yenu mtakaoletewa kazi kama hiyo, na mtaletewa, maana siku hizi kila mwenye gari la boksi ameona kwenye simu watu wanalala humo: boksi la chuma juani ni tanuri. Bandikeni sponji nyembamba kwanza, juu yake mkeka au mbao laini, na mtoboe dirisha la darini, la sivyo mteja ataiva. Kitanda kifungeni sakafuni, si ubavuni, kwa sababu ubavu wa gari unacheza na dizeli inatingisha mpaka imani. Kila nati iwekewe washa ya springi isilegee. Pipa la maji likae chini kabisa. Jiko lipikiwe nje ya mlango wa nyuma, na mtungi wa gesi usilale na mtu. Godoro likateni pembe kwa kisu kilicholowa maji ya sabuni.

Tulifanya yote hayo. Kitanda tukakilaza kwa urefu, kuanzia mlango wa nyuma kwenda mbele, ili mama aingie na kulala bila kupinda. Kwa kuwa haoni, seremala akaweka vizuizi vya mbao pande zote asianguke. Mimi nikalivalisha godoro kitambaa cha kijani alichokitaka, na madirishani nikatia mapazia meupe. Kila jambo lilikuwa na sababu yake. Tulisimama nyuma ya gari, mimi, Selemani na Ngonyani, tukajipongeza. Na sote watatu hatukuona tulichotengeneza, maana aliye karibu na mti haoni ulivyopinda.

Tulikwenda kumchukua siku moja tu kabla ya kupasuliwa, na baada ya upasuaji huo madaktari wangeanza kufunga mizigo. Selemani aliendesha, Ngonyani akakaa naye mbele kusikiliza injini. Mimi, kwa sheria ya Mzee Issa, nikalala kitandani nyuma ili nipime kazi yangu kwenye njia mbovu, nayo njia ya Mahurunga haikuninyima. Vumbi lilipozidi nikajifunika kanga gubigubi, kichwa hadi miguu. Kitanda kilikuwa kizuri kweli. Nikasinzia.

Niliamshwa na kilio. Si cha mtu mmoja. Wanawake walikuwa wanalia nje, na gari lilikuwa linakwenda taratibu. Kwetu kilio hakiulizwi, kinapokelewa. Unalia kwanza, jina utaambiwa baadaye. Watu wa kijiji walikuwa wameona gari jeupe la Selemani lenye mapazia meupe, na kupitia kioo cha nyuma kitanda cha kijani chenye vizuizi kama jeneza la msikitini, na juu yake mtu amefunikwa. Nani angeuliza?

Selemani naye alipoona kijiji kizima kinalia kuelekea nyumbani kwa mama yake, akajua mama amekufa. Akasimamisha gari, akaangukia usukani na kuanza kulia kwa sauti. Hilo likamaliza ubishi kwa upande wa pili. Wanaume wakainua mikono kuomba dua. Mtu akasogea dirishani na kumwambia, "Pole baba, jikaze." Akajibu, "Imetokea lini?" Yule akatikisa kichwa kwa huruma, kwamba majonzi yamemvuruga mtoto wa watu. Ngonyani baadaye alikiri kwamba naye alilia, ingawa hakuwa na habari analia nini.

Kisha nikasikia sauti ya bibi kizee karibu kabisa na mlango wa nyuma. Wanawake wengine wakanyamaza kumpisha, na kwa hilo nikamtambua kuwa ndiye Bi Somoe. Mwanawe alikuwa hai mbele, amemsikia kwa masikio yake. Aliyelala nyuma alikuwa mwanamke, maana habari ya kanga wenzake walikuwa wamemweleza. Akapiga hesabu yake.

"Nkwe wangu mie! Zuhura wangu, umeniachia nani? Ntoto wa watu, nkono wake wa kupika haujapata kutokea! Alinichambulia samaki kwa vidole vyake, mie nikamnunia! Nani atanichambulia tena mie?"

Wanangu, mtu mwenye akili angeinuka palepale na kusema kuna makosa. Lakini mimi nilikuwa nimeshasikia upande wa Zuhura kwa wiki nzima, Selemani akinisimulia gerejini, na hii ilikuwa nafasi ya pekee. Nilikaa kimya chini ya kanga nisikie mpaka mwisho. Akasifu usafi wake, akasifu adabu yake, akasema kwamba kucheka kwake kulikuwa kunaipa nyumba uhai. Nilikuwa nimebana midomo, nusu nacheka, nusu nalia, ndipo mlango ukafunguliwa na mikono ya wanaume ikanishika miguu tayari kwa kunibeba.

Nikakaa kitako. Nikasema, "Asalaam aleikum."

Sijawahi kuitikiwa salamu vile. Kiwanja kilibaki na viatu. Imamu mwenyewe nilimwona mgongo tu, na kwa umri wake alikuwa na mbio za kupendeza. Aliyebaki ni Bi Somoe, ambaye hakuona kitu. Aliinua fimbo yake na kuuliza kwa ukali, "Nani huyo anaamkia watu toka kwenye maiti?"

Ilichukua muda kuelezana. Selemani alipomwona mama yake mzima alimkumbatia mpaka kilemba chake kikadondoka. Watu wakarudi mmojammoja kutafuta ndara zao, wengine wakicheka, wengine wamekasirika kwamba machozi yao yameliwa. Aliyekasirika kuliko wote ni Bi Somoe. "Kwa hiyo nkwe hajafa?" Hajafa, mama, anakusalimu. "Na mie nimesema yote yale?" Umesema, mama. Akageuka akaketi kizingitini kwake.

"Basi siendi. Siingii kwenye gari la maiti. Nyumba yangu imeshaliliwa kabla sijalala humo, mkosi huo. Jicho libaki, nimeshazoea."

Selemani alimbembeleza. Akamweleza kwamba kupasuliwa ni kesho, na baada ya kesho madaktari hawapasui tena. Majirani wakasema, imamu akasema akiwa bado anahema. Bi Somoe akawa jiwe. Nilimwona Selemani akienda nyuma ya nyumba na kusimama peke yake uso ukutani. Jicho lile la pili lilikuwa na miezi tu, na baada ya hapo mama yake angekaa gizani kwa sababu ya rangi ya godoro. Nilijisikia vibaya sana.

Ndipo Ngonyani akajifuta machozi yake ya bure, akapanda nyuma ya gari, akavua viatu na kujinyoosha kitandani. Akapaza sauti ili kijiji kisikie. "Jamani, Wamakonde! Kilio kimeliliwa, kimekwisha, na mimi mtani wa marehemu sijapewa fungu langu la msibani! Mila gani hiyo?"

Bi Somoe akageuza kichwa. "Sauti gani hiyo?"

"Ya Mngoni, bibi. Mtani wako. Wewe mwenyewe umesema nyumba huitaki, nami ndiyo nimeichagua. Godoro laini kweli! Babu zangu walichukua ng'ombe wenu, mimi nachukua nyumba. Selemani, leta ufunguo, naenda kuoa mke wa pili nimlaze humu."

Watu wakaanza kucheka. Bi Somoe hakucheka. "Nngoni! Toka kwenye nyumba yangu!"

"Yako? Si ya maiti?"

"Toka nakwambia! Nyie watu mnaoiba mpaka vya kuliliwa!"

"Njoo unitoe. Huoni hata nilipo."

Alikuwa amevuka mpaka, na mtani ana haki ya kuvuka. Bibi akainuka na fimbo yake, akaja moja kwa moja akifuata sauti, akakuta ngazi, akashika kizuizi cha mbao na kupanda. Alimpiga Ngonyani fimbo za magoti zilizosikika vizuri. Ngonyani akatokea mlango wa ubavuni akilia kwa kicheko, na Bi Somoe, ili Mngoni asirudi, akakaa juu ya kitanda chake kwa uzito wote. Akatulia. Akabonyeza godoro kwa kiganja. Akapapasa ukingo, akafuata mshono wangu kwa kidole kutoka pembe hii hadi ile. Kisha akaita, "Selemani! Funga nlango na uwashe gari, kabla huyu mwizi hajavaa viatu vyake."

Ngonyani alirudi mjini juu ya lori la mihogo, magoti yamevimba, anaimba.

Gari lilipaki uani kwa Selemani, hatua chache kutoka mlango wa Zuhura. Kesho yake Bi Somoe alipasuliwa jicho salama, akarudi kulala kwake na bandeji usoni na ufunguo kifuani. Mimi nikaketi na Zuhura jikoni na kumweleza alivyoliliwa, neno kwa neno, sikubakiza. Pengine haikuwa kazi ya fundi viti, lakini nilisikia peke yangu kutoka ndani na sikuona faida ya kufa nayo. Alikaa na mwiko mkononi hadi wali ukaungua.

Asubuhi daktari alipoondoa bandeji, Bi Somoe hakusema kitu hospitalini. Aliangalia tu, njia nzima ya kurudi, kama mtu aliyepewa chakula asichotaka kugawa. Tulipofika uani aliizunguka nyumba yake, akalikagua godoro la kijani, akapanda, akaketi na kurudishia mlango. Tukasimama nje, hakuna aliyejua lifuatalo. Zuhura akatoka jikoni na sinia la chai na viazi. Akasimama chini ya ngazi, mgeni kwenye ua wake mwenyewe.

"Hodi, mama."

Mwenye nyumba akipigiwa hodi hana njia mbili.

"Karibu."

Mlango ukafunguka. Bi Somoe akainama na kumtazama mkwewe usoni kwa mara ya kwanza tangu aolewe. Alimtazama sana, macho, shingo, mabega, mikono iliyoshika sinia. Zuhura akashindwa kuvumilia, machozi yakamtoka.

"Kumbe ndo weye," akasema bibi. "Mbona mwembamba hivi? Sauti yako ya ntu nnene! Selemani! Huyu ntoto unamlisha nini?" Kisha akasogea kando ya kitanda, akapangusa nafasi kwa kiganja. "Panda, mwanangu, ukae. Kwangu hapa ntu haondoki na njaa."

Zuhura akavua viatu, akapanda na chai aliyoipika mwenyewe, na akakaribishwa.